Bukavu: aliyeanzisha nyumba yetu ya wamama anaondoka, mratibu mpya ameingia. Simu inarithiwa na nani?

APS wa Kadutu (mwenye uzi)

Hodi humu ndani. Jambo hili limenikaa kifuani siku nyingi, leo nalitua hapa, maana najua wengi wenu mmeongoza muso (vikundi vya akiba), vikundi vya kanisa na ASBL ndogondogo (mashirika yasiyo ya faida), mkaona uongozi unavyobadilika na unavyokwama.

Mimi ni APS, yaani msaidizi wa kisaikolojia na kijamii, kwenye shirika dogo hapa Bukavu. Tunapokea wanawake wanaopigwa nyumbani kwao. Jina la shirika sitalitaja, wala avenyu ilipo nyumba, na anayeijua namwomba asiitaje. Vyumba ni vinne, jiko la makala liko nyuma, choo kiko mwisho wa kiwanja chini ya mparachichi. Mama anakuja na watoto na mfuko mmoja. Mara nyingi mfukoni mna buletini za shule, kadi ya chanjo ya mtoto na kikwembe kimoja, basi. Anakaa wiki mbili, mwezi, wengine miezi mitatu, mpaka ipatikane njia.

Mama aliyeianzisha nyumba hii anaondoka. Magoti yamechoka na milima ya mji wetu, na daktari amemwambia apumzike. Mkutano mkuu ulikaa ukamchagua mratibu mpya: dada wa miaka 34, amesomea usimamizi, amefanya kazi na mashirika makubwa. Hakutoka kati yetu. Nasema ukweli wangu: nilitaka achaguliwe APS mwenzetu, mkubwa wetu katika kazi, na siku ya kura nilitoka mkutanoni nimenuna.

Makabidhiano yalifanyika Ijumaa. Orodha ilikuwa ya kurasa mbili: muhuri, kompyuta, daftari za mahesabu, mkataba wa nyumba, magodoro, sufuria, mashine mbili za kushona. Wakatia sahihi, tukapiga makofi, tukala bugali na sambaza. Saa kumi na mbili jioni tunamsindikiza Mama kwenye taksi, mkoba wake ukaanza kulia. Haikuwa simu yake. Ilikuwa simu ya nyumba, kile kisimu kidogo cha vitufe ambacho kifuniko chake kimebanwa na mpira wa nywele kisianguke. Mama akapokea akiwa ameshaingiza mguu mmoja ndani ya taksi, akasema, "Ndiyo mwanangu, niambie." Sote tukanyamaza pale barabarani. Mratibu mpya alikuwa amesimama karibu yangu, mkononi ameshika ile orodha ya kurasa mbili, na simu haikuandikwa humo.

Namba ile ndiyo nyumba yenyewe. Kuna mama aliishona ndani ya pindo la kikwembe. Mwingine alimfundisha binti yake wa miaka saba kama wimbo, tarakimu kwa tarakimu, ili siku yeye akishindwa kuongea mtoto aombe simu kwa jirani. Laini imeandikishwa kwa kadi ya mpiga kura ya Mama. Na tangu Februari 2025, vita ilipoingia mjini hapa na benki zikafungwa, pesa ya chakula na ya kodi inapitia kwenye laini hiyohiyo.

Sasa Mama anasema simu atakaa nayo kwake mpaka Mungu amchukue, kwa sababu wamama wameizoea sauti yake. Mratibu mpya anasema tufungue namba nyingine ya shirika, itangazwe redioni. Anataka pia kibao getini chenye alama za wafadhili. Tena amesimamisha vikao vya upatanisho tulivyokuwa tunafanya sebuleni na waume na wazee wa familia, na hilo ndilo limewasha moto kweli.

Niambieni mlivyofanya kwenu.

Mshika Sanduku wa Muso

Pole na kazi dada. Nianze na pesa, mengine wataongea wenye kuyajua.

Sanduku la kikundi chetu cha akiba lina kufuli 3. Funguo ziko kwa wamama 3, na sanduku lenyewe linalala kwa mwingine wa nne. Mwanzoni tuliona ni usumbufu. Lakini kabla ya sanduku, pesa zetu zilikaa kwenye simu ya mwenyekiti wa kwanza, mama mwaminifu kuliko sote. Alikufa ghafla usiku wa kuamkia Jumapili, na namba ya siri aliijua peke yake. Tulikwenda kwenye matanga tukiwa na daftari mkononi, tukaanza kumuuliza mume wake habari za pesa wakati mwili bado uko ndani. Aibu ile sitaisahau. Hadi leo watoto wake hawatusalimii, na nawaelewa.

Kwa hiyo simu iwe kwa mmoja, namba ya siri kwa mwingine, daftari ya matumizi kwa wa tatu. Na fanyeni wiki hii, Mama akiwa hai na magoti yake bado yanaweza kumfikisha ofisi ya kampuni ya simu.

Mjukuu wa Cimpunda

Mimi niko upande wa Mama. Siri ya mtungi aijuaye kata. Huyo dada wa diploma ameingia juzi, hajapika hata uji wa mtoto mmoja pale, tayari anataka kibao na redio? Amuache Mama na simu yake.

Yaya wa Goma

Mjukuu, nakuelewa, ila nisikilize mimi.

Volkano ya Nyiragongo, jirani na Goma, ililipuka 22 Mei 2021. Siku tano baadaye, tarehe 27, tukaambiwa tuhame mji. Wengine walikwenda Sake, wengine njia ya Rutshuru, wengine walipanda boti kuja kwenu Bukavu. Kiongozi wa kikundi chetu alikimbilia Sake na simu ya kikundi, akafika, chaji ikaisha. Siku zile familia zilikuwa zimelala zimebanana madarasani na makanisani, njaa juu, hofu juu, na mnajua mwanaume mwenye mkono mwepesi anafanya nini akibanwa hivyo. Baadaye mama mmoja aliniambia, "Yaya, nilipiga mpaka salio la jirani likaisha." Kiongozi wetu alilia aliposikia. Hakuwa na kosa, alikuwa anakimbia lava na watoto wake kama sisi sote.

Namba ya namna hiyo haitakiwi kuwa na miguu ya mtu mmoja. Lakini pia msiibadilishe! Huyo mwenye namba ndani ya pindo la kikwembe, nani atampelekea mpya?

Avoka wa Nyawera

Mimi ni avoka, yaani wakili, nimesimamia kesi za wamama kama hao, kwa hiyo nitaandika kidogo kwa urefu, mnivumilie.

Uchaguzi kwanza. Sheria namba 004/2001 ya 20 Julai 2001, ile ya ASBL, inaupa mkutano mkuu nafasi ya juu kabisa. Kama mkutano mkuu umemchagua dada huyu kwa kufuata statuti (katiba) zenu, ndiye. Kununa kunaruhusiwa, kumkwamisha hapana. Andikeni PV (kumbukumbu za mkutano) yenye majina ya wanaotoka na wanaoingia, itiwe sahihi, nakala zikae sehemu mbili tofauti. Kwa PV hiyo mtaomba laini ihamishwe kwa shirika, na mkataba wa nyumba uandikwe upya. Nauliza, mkataba wa nyumba uko kwa jina la nani? Kama ni la Mama, basi na garanti, ile amana anayopewa mwenye nyumba, ni ya Mama, na siku warithi wake wakigombana na mwenye nyumba, wamama wenu watakuwa nje na magodoro yao.

Upatanisho sasa. Nchi yetu haijatunga sheria maalumu ya ukatili wa nyumbani. Mume akimpiga mke, avoka anashika kifungu cha 46 cha Kanuni ya Adhabu, kupiga na kujeruhi kwa makusudi: kifungo cha siku 8 hadi miezi 6 na faini, au kimojawapo. Ni adhabu nyepesi, na kwa wepesi huo familia nyingi zinaona afadhali zimalize zenyewe. Ubakaji ni jambo lingine kabisa. Tangu sheria za 20 Julai 2006, ni miaka 5 hadi 20, na kesi yake haimalizwi kwa faini ya kituo cha polisi, sembuse kwa mbuzi. Nimeona "upatanisho" wa mbuzi kwa msichana wa miaka 15. Kwa hiyo mratibu wenu akisema vikao vya sebuleni visimame, mimi nasimama naye.

Wamama wenyewe waambiwe jambo hili pia, maana wengi wanaofika kwangu hawalijui: Kanuni ya Familia ilirekebishwa Julai 2016, na ile ruhusa ya mume imeondoka. Mke anaweza kufungua akaunti, kwenda mahakamani, bila mume kumtilia sahihi. Sheria bado inamwita mume kichwa cha nyumba, ndiyo, lakini kichwa hakishiki tena kalamu ya mke.

La mwisho, nalo linaninyima usingizi. Februari 2025 jela kuu ya Bukavu ilibaki wazi, wafungwa wakatoka. Kati yao wamo waume waliofungwa kwa ushahidi wa wake zao. Dada APS, waume wangapi wamewahi kukaa kwenye ile sebule yenu? Wanajua geti. Wanajua dirisha la chumba liko wapi. Hilo mlijibu kabla ya kuongea habari za kibao.

Baba wa Watatu

Nawasalimu wote. Mimi ni mwanaume, mzee wa kanisa, nimeketi kwenye vikao vingi vya familia. Naomba nisieleweke vibaya.

Ng'ombe zikishatolewa, ndoa si ya watu wawili. Mama akikimbia, watoto wanabaki wapi? Wengi wa wamama wenyewe wanaomba kurudi, wanasema, "Baba, tusaidieni aache pombe, sitaki kuachana." Dada yangu mwenyewe alipatanishwa mwaka 2012 na leo anaishi vizuri, wamejenga. Mkifunga mlango wa upatanisho, yule anayetaka kurudi atarudi peke yake, bila shahidi. Je, hiyo si hatari zaidi? Nauliza kwa nia njema.

APS wa Kadutu (mwenye uzi)

Baba, asante kwa kuuliza kwa heshima. Swali lako ni langu pia, nimelala nalo miaka. Nikujibu kwa kilichotokea.

Kuna mama mmoja, nitasema tu alikuwa anauza makala. Mume alikuja na wajomba wawili na mchungaji. Tukawaketisha sebuleni, mimi ndiye niliyewapa chai. Mume akapiga magoti, akalia, machozi ya kweli, akaandika kwenye karatasi kwamba hatainua mkono tena. Kalamu ilikuwa yangu, ya bluu, alipomaliza akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu mwenye adabu. Mama akafunga mfuko wake, Jumamosi wakashuka pamoja. Siku ya kumi na moja alirudi usiku, kifundo cha mkono kimevunjika, mtoto mgongoni. Ile karatasi alikuja nayo. Sijui kwa nini aliibeba. Aliiweka mezani mbele yangu bila kusema neno.

Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Baya zaidi ni kwamba mume alifuata asubuhi yake. Hakuhitaji kuuliza njia, tulishamwonyesha wenyewe.

Mratibu mpya wiki yake ya kwanza hakufanya mikutano. Alikaa na daftari zetu za zamani, zile zenye alama za siri badala ya majina, akasoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Kila mama aliyerudi kwetu baada ya upatanisho, akamwekea mstari mwekundu pembeni. Halafu akatuita, Mama pia akaja, akafunua kurasa moja baada ya nyingine bila kuhubiri, akasema tu, "Tuangalie pamoja." Tulikuwa tumeandika yote kwa mikono yetu, miaka yote hiyo, na hatukuwahi kuyasoma kwa mfululizo. Mama alivua miwani akakaa kimya muda mrefu. Na mimi niliyekuwa nimenuna, nilinyamaza.

Anayetaka kurudi hatumfungii, Baba. Mratibu alivyosema ni hivi: akiamua, tunampa siku za kufikiri, tunapanga naye nani jirani wa kumkimbilia, mfuko wake unabaki kwetu umefungwa, na maongezi ya familia yakiwepo, yafanyike mahali pengine, asiwepo mtu wa kumsukuma. Dada yako namfurahia kwa moyo wote.

Baba wa Watatu

Hilo la mfuko kubaki umefungwa nimelielewa. Asante binti yangu.

Niliyetoka

Nimekuwa nikisoma tu. Naandika kwa sababu mnaongea juu yetu na hakuna aliyeuliza sisi.

Niliwahi kukaa kwenye nyumba kama hiyo, si ya kwenu, na mji si huu. Nikiwa pale uongozi ulibadilika. Kiongozi mpya alitaka kutujua. Akatuita mmoja mmoja ofisini tumwelezee tulivyopigwa. Nilikuwa nimeshaeleza kwa muuguzi, kwa APS, kwa polisi, kwa avoka. Mara ya tano nilisikia sauti yangu mwenyewe kama ya mtu anayesoma tangazo. Wiki iliyofuata walikuja wageni na kamera, tukaambiwa tusimame nyuma ya mashine za kushona. Uso wangu walisema watauficha. Shangazi yangu aliniona kwenye simu ya mtu, akanitambua kwa kikwembe, na akiniona shangazi basi na mume ameniona.

Kwa hiyo, nawaomba. Wakati mnakabidhi muhuri na sufuria, msimkabidhi hadithi zetu. Zile alama kwenye daftari mziache alama. Akitaka kutujua, aje akae jikoni amenye viazi. Ataelewa mengi pale bila kuuliza. Nilimpenda mpishi wetu kuliko wakurugenzi wote wawili, kwa sababu alikuwa hanitazami kwa huruma, alikuwa ananiambia, "Leta chumvi."

Kibao getini? Hapana. Hapana kabisa. Siku nilipofika nilipita mara tatu mbele ya geti nikihakikisha hakuna anayeniona. Kingekuwepo kibao nisingeingia.

Na waulizeni walioko ndani sasa hivi wanataka nini kwa kiongozi mpya. Si kwa karatasi ya maswali. Waulizeni tu.

Muuguzi wa Bagira

Dada Niliyetoka, nimesoma mara mbili. Asante.

Nichangie la afya. Mama aliyelazimishwa kimwili, hata kama ni na mume wake, ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri. Dawa ya kuzuia mimba inasaidia mpaka saa 120. Sasa mwaka 2025 ulipoanza na Marekani kusimamisha misaada yake, vifurushi vya dawa hizo vikawa adimu, unakipata kituo hiki, kile kimeisha. Nani anajua leo kipo wapi? Kwenye shirika lenu, nahisi ni Mama. Anajua muuguzi gani yuko zamu ya usiku, motari (dereva wa pikipiki) gani hafungui mdomo, nyumbakumi gani ana heshima. Hayo yote hayajaandikwa, na hayafai kuandikwa ovyo. Mratibu mpya inabidi atembezwe. Kwa miguu, na Mama akiwa mbele, mtu kwa mtu: "Huyu ndiye mimi sasa."

Wengi tulijifunza kazi hii kwa kuangalia hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, wakaona kwamba kutibu jeraha peke yake hakutoshi, wakaweka daktari, mwanasaikolojia, avoka na kazi ya mikono chini ya paa moja. Shirika dogo haliwezi kuwa na yote hayo ndani. Linaishi kwa kujuana. Ukikata kujuana, umebaki na magodoro.

Na kwa anayedhani hizi ni nyumba chache zenye laana: utafiti wa afya wa taifa wa 2013-2014 ulikuta wanawake 52 kati ya 100 wamepata ukatili wa mwili tangu walipofika miaka 15. Hiyo ni zaidi ya nusu ya wamama wanaopanda nawe Nyawera kila asubuhi.

Mjukuu wa Cimpunda

Nilikuwa na haraka kule juu. Kuhusu kibao nabaki nilivyosema, ila kuhusu Mama na simu, Yaya wa Goma amenibadilisha. Mama atunzwe, simu itoke.

APS wa Kadutu (mwenye uzi)

Narudi baada ya wiki tatu. Samahani kwa ukimya, mambo yalikuwa mengi. Mratibu niliomba ruhusa yake kabla ya kuandika haya, na nilimsomea maneno ya Niliyetoka kwa sauti, yote.

Kibao kimekufa. Nilipofika kwenye yale ya kupita mara tatu mbele ya geti mratibu alinyoosha mkono, akachukua karatasi yenye mchoro wa kibao, akaikunja akaitia mfukoni. Wafadhili watapewa alama zao kwenye ripoti.

Simu: namba ni ileile. Mama na mratibu walikwenda pamoja, na PV, na vitambulisho. Walisubiri tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Laini imetoka kwa Mama. Pesa tumezitenganisha, ziko kwenye laini nyingine, na mambo ya watu watatu tumeyafanya kama Mshika Sanduku alivyosema. Kisimu chenyewe sasa kinalala nyumbani pale, kwa zamu, na kila anayeshika zamu anakaa usiku mmoja na Mama kwanza, kumsikia anavyopokea. Mimi niliyejiona mkongwe nilijifunza usiku huo. Mama haulizi "Kumetokea nini?" Anauliza, "Uko peke yako? Mlango umefungwa?" na kama jibu ni hapana, anaanza kuongea habari za kuuza nyanya, anauliza bei, na yule wa upande wa pili anajibu ndiyo na hapana. Miaka yote nilidhani Mama ana biashara ya nyanya.

Zamu ya mratibu ilikuwa Jumanne. Saa saba usiku ilipiga. Alijibu, sauti ikawa nyingine, mwanamke upande wa pili akakata. Ikapiga tena. Mama, aliyekuwa amelala kwenye kochi, akasema kwa nguvu kutoka pale, "Ni mtoto wangu huyo, mwambie tu." Yule mama akaongea. Alifika alfajiri, na motari tuliyemtuma hakumtoza kitu.

Sasa lile la Avoka. Tulikaa tukahesabu, tukarudi nyuma mpaka mwaka wa kwanza, na jibu lilitutisha. Wanaume wanaoijua sebule ile ni wengi mno, na wawili tuna hakika walikuwa jela Februari ile. Mratibu amesema tunahama. Mama alipinga kwanza, mparachichi ule aliupanda yeye. Kisha akasema tumtafutie mche. Tunatafuta nyumba, mwenye nyumba anadai garanti ya miezi sita kwa dola, na hatuna zote. Tumepata ya miezi minne. Mwenye kujua mwenye nyumba mwenye huruma, aniandikie pembeni, asiandike hapa.

APS mkubwa wetu, yule niliyemtaka mimi, aliniita kando siku moja. Akaniambia alikataa mwenyewe kuwania, kabla ya mkutano. Anapenda kusikiliza watu, hapendi kuandika proje usiku wa manane, na angeharibu vyote viwili. Hakuniambia mapema kwa sababu aliona nimenuna vizuri, akaniacha.

Na tuliwauliza wamama walioko ndani. Mratibu alikwenda jikoni Jumapili, akamenya viazi, vingine alivimenya vibaya mpaka vikabaki vidogo, wakamcheka. Hakuuliza mpaka sufuria ilipokaa motoni. Nilitegemea waseme mtaji, shule ya watoto, avoka. Walitazamana kwanza. Kisha mmoja akasema, taa ya choo. Usiku kule chini ya mparachichi ni giza, wanawapeleka watoto kwa kupapasa, au wanajizuia mpaka asubuhi. Mwingine akaongeza: makomeo ya ndani. Milango ya vyumba vyetu inafungwa kwa ufunguo kutoka nje, tangu mwanzo, na funguo alikuwa anakaa nazo Mama kwa nia njema kabisa. Kwa ndani hakuna kitu. Wanalala wameegemeza kiti.

Hatukuwahi kuona. Ninaingia vyumba vile kila siku.

Taa ya sola imewekwa Jumatano. Fundi anakuja kesho saa tatu na makomeo manne, na tumemwambia ayafunge kwa skurubu si kwa misumari, ili tukihama tuyang'oe tuende nayo.